Kabla ya Kunyoosha Shingo na Mabega: Mambo ya Kuzingatia kwa Fundi Cherehani

Fundi anayeshinda ameinamia cherehani hufika jioni mabega yamekaza, na wengi hukimbilia kuchuliwa. Kabla ya hapo, ni vyema ahakikishe kwamba maumivu hayo kweli ni ya uchovu wa misuli. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana, mkono kufa ganzi au kuishiwa nguvu, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda, au maumivu ya bega yanayoambatana na kubanwa kifua na kutokwa jasho, yote ni ya kupelekwa hospitali bila kuchelewa.

Akishajiridhisha, akague kiti chake. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, na kadiri kinavyotangulia mbele ya mabega ndivyo misuli ya nyuma ya shingo inavyofanya kazi ya kukizuia kutwa nzima. Kiti kifupi humlazimisha kupandisha mabega ili mikono ifike mezani, ilhali kirefu mno humwinamisha. Akiweka viganja juu ya meza, viwiko viwe karibu usawa wa meza na mabega yabaki yamelegea. Mto mgumu juu ya kiti mara nyingi hutosha. Mwanga nao usidharauliwe, kwani anayeshona kitambaa cheusi kwa uzi mweusi kibandani gizani atainama tu, hata akikalia kiti cha kifalme. Aliyevuka miaka 40 apimwe macho pia. Bila marekebisho haya sioni faida kubwa ya mazoezi, maana maumivu yatapoa Jumapili na kurudi Jumatatu.

Taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, likiwekwa begani kwa dakika 15, huandaa misuli. Kisha alaze kichwa upande mmoja, sikio lielekee begani bila bega kupanda, atulie kwa sekunde 20 au 30 huku akipumua kawaida, halafu abadili upande.

Kuzungushwa shingo kwa ghafla hadi ilie, kama wafanyavyo baadhi ya vinyozi baada ya kunyoa, kuepukwe kabisa: kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda ubongoni na kuleta kiharusi. Vilevile diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, isimezwe kiholela, hasa na mjamzito au mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo.