Jinsi ya kuchora na kusoma mchoro wa awamu wa chumvi mbili ndani ya maji

Tuchukue chumvi ya mezani, yaani kloridi ya sodiamu, pamoja na kloridi ya potasiamu, katika nyuzijoto 25 za Selsiasi. Michoro ya awamu, yaani inayoonyesha ni lini chumvi hubaki zimeyeyuka na ni lini hujitenga kuwa fuwele, mara nyingi huchorwa ndani ya pembetatu, lakini kwa anayeanza napendelea karatasi ya kawaida ya grafu, kwa kuwa humwonyesha bila kuzunguka kinachotokea maji yanapopungua. Mhimili wa ulalo uwe gramu za chumvi ya mezani kwa kila gramu 100 za maji, na ule wa wima uwe gramu za kloridi ya potasiamu.

Weka alama tatu. Kila chumvi ikiwa peke yake huyeyuka hadi takribani gramu 36, basi kila mhimili una alama yake. Alama ya tatu, ambayo ndiyo roho ya mchoro, ni kona iliyo karibu na 30 za chumvi ya mezani kwa 16 za kloridi ya potasiamu, mahali ambapo mmumunyo umeshiba chumvi zote mbili, yaani hauwezi kuyeyusha zaidi. Iunganishe na zile mbili. Ndani ya mistari hiyo hakuna mashapo.

Sasa yeyusha gramu 20 za chumvi ya mezani na gramu 5 za kloridi ya potasiamu katika gramu 100 za maji. Ukivukiza, uwiano wa chumvi haubadiliki, kwa hiyo alama husogea kwa mstari mnyoofu kutoka sifuri, na hugusa mstari unaounganisha alama ya chumvi ya mezani na kona maji yakibaki karibu gramu 61. Tangu hapo chumvi ya mezani peke yake hujitenga, nayo alama hupanda kuelekea kona. Zile gramu 5 hufikia kiwango cha 16 kwa 100 maji yakiwa gramu 31 hivi, na maji hayo hubeba takribani gramu 9 tu za chumvi ya mezani. Zaidi ya gramu 10 zimekwisha kuwa fuwele safi. Sitisha kabla tu ya hapo. Ukipitiliza, zote mbili huanguka pamoja, na jicho halitakuonya, maana fuwele zote ni nyeupe na zina umbo la mchemraba.

Kloridi ya potasiamu hupatikana kwa joto. Katika nyuzi 100 kona huhamia karibu na 27 kwa 35. Poza mmumunyo huo hadi nyuzi 25 bila kupoteza maji: alama hushuka wima hadi karibu 18, na zile gramu 17 hivi zinazotua ni kloridi ya potasiamu tupu, kwa sababu gramu 27 za chumvi ya mezani bado hazijafikia kikomo chake. Chuja, kisha pasha moto maji yaliyobaki uyeyushie mchanganyiko mpya, kama viwanda vinavyofanya na madini ya silvinaiti, yaani mchanganyiko asilia wa chumvi hizi mbili.