Kuanza Kutumia Kionyeshi cha Breli na Kompyuta

Kionyeshi cha breli, kifaa cha asiyeona cha kusomea skrini kwa vidole, huwekwa mbele ya kibodi, nacho kina safu ya seli (vijumba vya nukta, kila kimoja cha herufi moja), mara nyingi 20 au 40, ambazo nukta zake huinuka na kushuka kufuata maandishi ya skrini. Aliyejifunza breli ya karatasi, kwa mfano katika shule ya wasioona ya Kibos hapa Kisumu, atakuta jambo moja geni: chini ya nukta 6 alizozizoea pana 2 za ziada, ambazo huonyesha mahali kilipo kishale, yaani alama ya pale unapoandika.

Kabla ya kuunganisha chochote, nawa mikono na uikaushe kabisa. Katika vionyeshi vingi kila nukta husukumwa na kipande chembamba kinachojipinda kinapopata umeme, kwa hiyo mafuta ya omena au vumbi la kiangazi likiingia katika tundu, nukta hukwama. Nukta 3 ya seli ya kwanza isipoinuka, "lima" husomeka "bima", na mwanafunzi hudhani kwamba amesahau herufi. Nimeliona hilo, na liliniuma.

Washa kompyuta yenye NVDA, programu ya kusoma skrini isiyolipiwa, kisha unganisha kionyeshi kwa waya wa USB. Bluetooth ingoje mpaka mtumiaji azoee. Bonyeza Insert, Ctrl na A kwa pamoja, uteue kifaa chako.

Hatua inayorukwa na wengi ni jedwali la breli, yaani kanuni za kugeuza herufi kuwa nukta. Bonyeza Insert na N, ufungue mipangilio, kisha sehemu ya breli. Likibaki jedwali la Kiingereza cha vifupisho, herufi "en" za neno "mwenyewe" zitabanwa katika seli moja, na msomaji wa Kiswahili atakwama pasipo kosa lake. NVDA ina jedwali la Kiswahili cha Kenya, teua hilo.

Sasa zima sauti kwa muda. Andika "mgeni aliye fika jana", ukiacha nafasi isiyostahili, umwombe mwanafunzi aitafute kwa vidole, kwa sababu sauti husoma "aliye fika" na "aliyefika" karibu sawasawa, ilhali kidole hukutana na seli tupu papo hapo. Akiipata, abonyeze kitufe kidogo kilicho juu ya seli hiyo ili kishale kije pale, kisha aifute mwenyewe.