Namna ninavyotengeneza sehemu na makutano ya gemu yetu ya hadithi, hatua kwa hatua (kutoka Pemba)

Assalaam alaykum wapenzi wa gemu. Sie tunacheza kila Alkhamis baada ya Isha, barazani kwa ami yangu hapa Wete, watu watano, siku nyengine sita. Gemu yenyewe ni zile za aina ya Dungeons & Dragons, ilotoka Marekani mwaka 1974, mmoja anatamba hadithi na wengine kila mtu ana karakta wake, na ukitaka kufanya jambo gumu unatupa dadu. Makutano ndo watu, viumbe na mambo wanayokutana nayo wachezaji njiani. Anoendesha sisi tunamwita mtambaji, kwa sababu kazi ni ile ile ya bibi zetu, ila hapa wasikilizaji wakishaitikia "hadithi njoo" wanaingia wenyewe ndani ya hadithi na kuiharibu watakavyo.

Nimeulizwa sana sehemu zangu nazitoa wapi na vipi watu wanakaa mpaka saa sita usiku bila kushika simu. Jawabu langu ni kwamba sianzi na dubwana. Mwanzo nilikuwa naanza na dubwana, nikachora pango lenye vyumba 14 na kila chumba kina mifupa inayotembea, tukapigana wiki tatu na baada ya mwezi hakuna hata mmoja alokumbuka chumba kimoja. Sasa hivi naanza na maji, halafu mwiko, halafu mtu mwenye haja yake. Dubwana likija linakuta nyumba ishajengwa.

Hatua ya 1: chora kisiwa kimoja tu

Chukua karatasi ya daftari ya skuli, chora kisiwa, weka sehemu sita. Sita zinatosha, usiweke thelathini utachoka na hutozimaliza. Umbali usiupime kwa kilomita, upime kwa safari: hapa mpaka pale ni nusu kutwa kwa mguu, pale mpaka kule ni kutwa nzima kwa ngalawa ukiwa na upepo. Na upepo uupe msimu wake kama ulivyo kwetu, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3 hivi, kusi, la kutoka kusini, linaingia kuanzia mwezi wa 4. Hapo peke yake ushapata hadithi, maana wachezaji wakitaka kwenda juu, yaani kaskazini, wakati wa kusi safari ni rahisi lakini kurudi itabidi wasubiri au wamlipe nahodha mara mbili, na nahodha mwenye shida ya pesa ana mambo mengi ya kusema.

Hatua ya 2: maji, hapa ndo pa kukaa sana

Sijaona gemu ya kizungu inayotumia maji vizuri, na sisi tuna utajiri huu mlangoni. Kila mtu wa pwani anajua maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kupwa ni masaa sita na kidogo, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Bamvua, yaani maji yakijaa sana na kupwa sana, linakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo tu, yako katikati. Kwa hiyo kalenda ya kiislamu ndo kalenda ya gemu yangu: tarehe 1 na 15 za mwezi na siku mbili tatu baada yake ni bamvua, tarehe 7 au 8 na 22 hivi ni maji mafu. Hakuna haja ya kutunga kalenda ya ajabu ajabu yenye majina ambayo hata wewe mwenyewe utayasahau.

Bamvua la kwetu maji yanapanda na kushuka karibu mita nne. Mita nne yakhe! Hiyo ni nyumba. Na siku hizo yanakupwa kabisa saa nne hivi asubuhi na tena saa nne usiku, ndo utawaona kina mama wamefika mbali kabisa kwenye mwani wao. Sasa fikiria mlango wa pango ulo chini ya jabali, siku za maji mafu hauonekani hata ncha, siku ya bamvua unafunguka kwa saa moja na nusu tu. Wachezaji wakiingia mie naweka saa ya kweli juu ya meza, simu imelala kifudifudi, na kila dakika kumi nawaambia maji yamefika wapi: kisigino, ugoko, goti. Sijaweka hata dubwana moja mule ndani na watu walikuwa wanatoka jasho.

Hatua ya 3: shika sehemu ya kweli, ibadilishe

Usikopi sehemu kama ilivyo. Chukua kitu kimoja chake chenye nguvu, ukipe jina jipya, vyengine vyote tunga. Nitakupa mfano wa Pujini maana ndo ninaoupenda.

Pujini, upande wa mashariki si mbali na Chake Chake, kuna magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15, wazee wanasema jina lake maana yake ni mkamua wanaume, kwa vile alivyokuwa akiwatesa watu kwenye kazi za ujenzi. Wanasema alikuwa akiwabebesha mawe huku wanajikokota kwa makalio. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta pale chumba cha chini ya ardhi kina sura ya siwa, ile pembe kubwa ya heshima ya watawala, kwenye plasta ya ukutani. Na kuna kisima, hichi kisima ndo chenyewe: inasimuliwa alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta katikati ya kisima, mmoja anateka kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwengine anashuka ngazi, ili wasionane kabisa.

Mimi nimechukua kisima tu. Kwenye gemu kinaitwa Kisima cha Sauti Mbili, mfalme kafa zamani, lakini wake wawili bado wamo, mmoja upande wa kamba na mmoja upande wa ngazi, na hawajui kama mume kafa. Wachezaji walipofika, dogo mmoja akateremsha ndoo, kamba ikawa nzito ghafla, akavuta, ndani ya ndoo hamna maji, mna kanga mbichi imekunjwa vizuri. Akaikunjua, nikamsomea jina la kanga: "Maji ya kamba hayanywewi na wa ngazi." Barazani kimya. Mwenzake akasema taratibu, "Yakhe, hii si yetu sisi, hii ni salamu ya yule wa upande wa pili." Wakashuka ngazi kuipeleka, na yule wa chini akawapa kanga yake nao wapandishe. Saa mbili nzima walikuwa wanapeleka kanga juu na chini, wanajaribu kuwapatanisha, wanabishana wao kwa wao nani ana haki. Upanga haukutolewa. Kanga kila mtu kwetu anaijua kazi yake baina ya wake wenza, sikuhitaji kueleza kitu.

Sehemu nyengine nilizotumia: kisiwa cha Misali, ambacho hadithi yake ni kwamba mtu mtukufu alitaka mkeka wa kusalia, haukupatikana, akasema basi kisiwa hiki kitakuwa mkeka wake. Nikatoa kisiwa ambacho ukilala juu yake kichwa kinageuka chenyewe upande mmoja mpaka asubuhi. Na msitu wa Ngezi, na wale popo wakubwa wa Pemba ambao mabawa yakifunguka yanafika kama mita moja na nusu, hawa hawataki kuongezwa chumvi hata kidogo, nimewaacha vile vile, wanakula matunda yao na jua likizama wanatoka kwa mamia.

Hapa niseme jambo na nalisema kwa moyo. Mzimu ambao watu bado wanautunza na kuupelekea ubani, usiuweke kwa jina lake. Wale wenyeji ni majirani zetu. Na sehemu walizofichwa watumwa, kama chumba cha Mangapwani kule Unguja, mimi sizifanyi pango la kutafuta hazina, siwezi.

Hatua ya 4: kila sehemu na mwiko wake

Mwiko mmoja tu, sentensi moja. Usipige mbinja kisimani. Usiingie na viatu. Usitaje jina la mwenzio baada ya magharibi. Wape wachezaji mwiko kupitia mtu, usiwasomee, mfano bibi anouza kashata njiani anawaambia huku anawahesabia chenji. Halafu wewe andika pembeni nini kitatokea mwiko ukivunjwa, na kisiwe kifo. Kiwe deni. Deni linarudi wiki ya pili na ya tatu, kifo kinamaliza hadithi.

Hatua ya 5: jaduali la makutano

Hapa huhitaji zile dadu za pembe ishirini za kuagiza nje, dadu mbili za ludo zinatosha na ni bora kwa kazi hii. Ukitupa mbili ukajumlisha, kuna njia 36 za kuanguka. Saba inatoka kwa njia 6, sita na nane njia 5 kila moja, lakini mbili na kumi na mbili njia moja moja tu. Kwa hiyo katikati weka maisha ya kawaida, pembeni weka maajabu, na ajabu litabaki ajabu kwa sababu linakuja mara chache. Jaduali langu la njia ya shamba, msimu wa karafuu:

2 – ngoma inalia peke yake, haina mpigaji
3 – popo wote wanaruka mchana
4 – mtoto anauliza njia ya kijiji kilichoungua zamani
5 – walinzi wa mfalme wanakagua magunia
6 – wachumaji wanarudi, mmoja kaanguka mkarafuu
7 – majamvi ya karafuu yameanikwa njia nzima, mvua inakuja
8 – mchuuzi na punda wake, kapoteza mizani
9 – ng'ombe wa mchezo (anayechezwa na watu uwanjani) kakata kamba
10 – mganga anayekimbia mgonjwa wake
11 – mtu anayejua jina la mchezaji mmoja
12 – jini amekaa kwenye kizingiti, anaomba moto wa sigara

Natupa dadu moja kwanza kila nusu kutwa ya safari, ikitoka 1 ndo kuna makutano, nyengine njia iko salama. Na angalia namba 7, hakuna adui, lakini wachezaji waliacha safari yao wakaanza kukunja majamvi ya watu na harufu ya karafuu naiweka mdomoni mwangu kila sentensi, na yule mwenye karafuu akawa rafiki yao mpaka leo.

Hatua ya 6: haja kabla ya silaha

Kila unachokiandika kwenye jaduali, jiulize kinataka nini leo. Leo, si kwa jumla. Jini wa namba 12 anataka moto kwa sababu kakatazwa kuwasha wake mpaka mwezi uandame. Ukishajua hilo huna haja ya kuandika anasema nini, atasema mwenyewe. Halafu tupa tena dadu mbili uone yuko vipi moyoni: 2 kavimba na hataki kusikia, 7 anasitasita, 12 anakukaribisha chai. Hii inakuokoa na tabia ya kila kiumbe kuja na kisu.

Hatua ya 7: baada ya gemu

Kabla ya kulala, dakika kumi, andika vitu vitatu vilivyobadilika na sogeza tarehe ya mwezi. Basi. Mimi daftari langu liko hapa: wale wake wawili wamekubali kuonana, lakini ukuta wa kisima lazima ubomolewe kutoka chini, na chini pana maji muda wote isipokuwa bamvua. Alkhamis inayokuja ni tarehe 15, kina kitashuka saa nne usiku, na katika kundi zima hakuna hata mmoja alochukua nyundo.