Somo: Vigeu vya Forth na namna ya kuvipa majina

Kwa lugha ya programu ya Forth, tuhesabu abiria wa matatu ya viti 14 inayojaza pale Odeon, Nairobi. Fungua Gforth, programu ya kuendesha Forth, andika:

VARIABLE abiria
0 abiria !

Mstari wa kwanza unaunda kigeu, yaani unatenga nafasi ya namba moja kwenye kumbukumbu, wa pili unaweka sifuri. Usiuruke huo wa pili, kwa maana kanuni za lugha haziahidi chochote kuhusu kilichomo mwanzoni.

Sasa shika hili, maana ndilo linalowachanganya wanaotoka Python: jina abiria halileti idadi, linaweka anwani yake (mahali ilipo kwenye kumbukumbu) kwenye staki, rundo la namba ambalo amri za Forth huchukulia na kuwekea. Alama @ inachukua anwani na kukupa kilichomo. Alama ! inachukua namba na anwani, kisha inaandika. Abiria akipanda, +! inamwongeza kwenye idadi, na nukta inaichapisha:

1 abiria +!
abiria @ .

Tuje kwenye majina. Kinachotenganisha maneno (yaani amri) ya Forth ni nafasi tu, kwa hiyo karibu alama yoyote inaingia kwenye jina. Wazoefu wana desturi zao (alama : huanza kuunda neno jipya, ; humaliza):

: .abiria abiria @ . ;
: pamejaa? abiria @ 14 = ;

Nukta mbele, neno linachapisha. Kiulizi nyuma, linajibu ndiyo au la (ndiyo ni -1, msishangae). Neno linaloishia na @ linasoma, la ! linaandika. Hakuna anayekulazimisha, ila mimi programu isiyofuata haya huwa naifunga.

MASWALI

– Mwalimu, nikiandika abiria . napata linamba lirefu ajabu.
– Hiyo ni anwani. Umesahau @.

– Mkuu, abiria 14 ! imenitupia "Invalid memory address".
– Umegeuza mpangilio: umeiagiza iandike kwenye anwani 14. Shukuru mfumo wa kompyuta yako umekukinga. Kwenye kidhibiti kidogo kisicho na ulinzi ingeandika kimya kimya, nawe utafute kosa wiki nzima.

– Na nauli, ambayo haibadiliki ovyo?
– Haibadiliki mpaka mvua inyeshe! Tumia VALUE, jina lilete thamani yenyewe bila @:

80 VALUE nauli
100 TO nauli

– Naweza kuita kigeu changu i?
– Utaonywa, kisha itakubali. Lakini I ni neno la kuhesabu mizunguko ya DO (amri ya kurudia), na Gforth haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Maneno uliyoyaunda awali yatabaki na I ya zamani, mapya yatapata kigeu chako. Iite idadi.