Kuongoza klabu ya kujitolea na kupata wanachama wanaobaki

Kabla ya kualika watu wapya, fungua daftari la wageni uone waliokwisha kuja. Katika klabu niliyowahi kuwa katibu wake mjini Mtwara, mgeni alikuwa akikaa karibu na mlango na soda yake mkononi, akipigiwa makofi, akiandika jina na namba ya simu, kisha hakuna aliyempigia. Baada ya miezi michache tukawa tunalalamika kwamba watu wa mji huu hawapendi kujitolea, ilhali daftari lilikuwa limejaa majina ya waliokuja kwa miguu yao wenyewe. Mpe mwanachama mmoja jukumu la kumpigia kila mgeni ndani ya siku tatu, na amweleze siku na mahali pa kazi inayofuata.

Nasema kazi, si kikao. Seremala mmoja wa Chikongola, mjini hapo Mtwara, tulimwomba aje Jumamosi kutusaidia kukarabati madawati ya shule ya msingi. Alifika na randa na misumari yake, akatuonyesha kwamba mbao tulizonunua zilikuwa bado mbichi na zingepinda, na tangu siku hiyo hakuna aliyenunua mbao za klabu bila yeye kuzikagua. Fomu ya uanachama aliijaza mwezi uliofuata, bila kubembelezwa. Mtu akishaona kwamba ujuzi wake unahitajika, ada haimtishi sana.

Hata hivyo, ada ina msimu wake, na hapa ndipo viongozi wengi hukosea. Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea ulioanzia Chicago mwaka 1905, huanza mwaka wake tarehe 1 Julai, na kila klabu yake hutozwa michango ya kimataifa mwezi Julai na Januari. Kwetu Kusini, Julai ni wakati wa kupulizia mikorosho dawa, fedha zote zimo katika salfa, yaani dawa hiyo, na vibarua, na mkulima anayedaiwa ada wakati huo huanza kukwepa vikao kwa aibu. Malipo ya korosho huja baada ya minada, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba. Kwa hiyo mwekahazina akusanye ada ya mwaka mzima Novemba na Desemba, alipe ya Januari, na ya Julai aiache benki bila kuigusa. Wenye mishahara wanaweza kulipa kila mwezi, lakini klabu isiyo na mkulima, mvuvi wala mfanyabiashara wa sokoni inajipunguzia uhai, kwa sababu watumishi huhamishwa.

Uhamisho ndio uliotuumiza kuliko yote. Mwaka mmoja watia saini wawili kati ya watatu wa akaunti yetu walihamia mikoa mingine, na fedha za kuchimba kisima zikakaa benki huku tukitafuta muhtasari wa kikao unaotaja watia saini wapya. Tangu hapo tuliweka utaratibu kwamba angalau watia saini wawili wawe wenyeji wenye makazi ya kudumu, na kwamba kila mwenye cheo awe na msaidizi anayeijua kazi yake. Rais wa klabu hukaa mwaka mmoja tu, kwa hiyo mrithi wake ajulikane mapema, ahudhurie vikao vya kamati zote na aende na rais halmashauri kumwona afisa maendeleo ya jamii, ili siku ya makabidhiano asiwe mgeni katika ofisi hizo.

Mahali pa kukutania pia huchagua wanachama. Klabu za Lions, mtandao mwingine wa kujitolea ulioanzishwa mwaka 1917, zilifungua milango kwa wanawake mwaka 1987, na Rotary ikafuata mwaka 1989. Lakini ukiitisha vikao baa saa mbili usiku, umewafungia tena wengi wao, pamoja na Waislamu wengi wa mji huu. Ukumbi wa shule saa kumi na moja jioni unatosha, mradi kikao kimalizike kabla ya adhana ya magharibi. Katika Ramadhani sogezeni kikao baada ya tarawehe, au futuruni pamoja.

Aliyekosa vikao vitatu mfululizo asitumiwe barua ya onyo. Rais aende nyumbani kwake akamjulie hali, na asizungumzie ada siku hiyo; mara nyingi atakuta kuna mgonjwa au msiba ambao klabu haikuusikia.