Jinsi ya kujitoa kwa ajili ya mpenzi wako bila kuja kumsimanga baadae

Dodoma siku hizi imejaa watu waliofuata wapenzi wao. Serikali ilivyoanza kuhamia huku kwa kasi toka 2016 mtumishi alikuja na barua ya uhamisho, ila mwenza wake mwenye fremu Kariakoo hana barua yoyote, yeye anakuja kwa mapenzi tu, na hapo ndo shughuli inapoanzia.

Kwanza kabisa kabla hujasema "nakuja", mtajie unaacha nini. Kimoja kimoja. Fremu nikiiachia siipati tena kwa kodi ile, wateja wangu wa vitenge wanahamia kwa jirani, mama nilikua namuona kila jumapili. Wengi tunajikaza "usijali mpenzi, kawaida tu" afu siku mnagombana kwa kitu kidogo, maji yamekatika na hakuna aliyejaza pipa, ndo yanamwagika yote, na mwenzio anabaki kushangaa maana hakuwahi kuambiwa kama anadaiwa. Ukimtajia akabadili stori, usifunge mizigo kwanza.

Afu muulize na yeye anatoa nini. Sio lazima vilingane. Akikulipia kodi ya fremu pale Majengo miezi sita mpaka uzoeleke na wateja wa huku, huo ni mchango wa maana kuliko maneno matamu ya usiku.

Na kuhama sio lazima iwe leo. Treni ya SGR ilianza kufika Dodoma 2024, Dar ni kama masaa manne tu, pangeni zamu, wikiendi hii uje wewe, ijayo aende yeye. Asiyeweza kupanda treni jumamosi moja unamuachiaje biashara?

Kwenye kiwanja msioneane aibu (huku kila mtu ananunua kiwanja, sijui Nala sijui Ihumwa), majina yote mawili yaandikwe. Wanandoa wana Sheria ya Ndoa ya 1971, na mwaka 1983 kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu Mahakama ya Rufani ilikubali hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali. Nyie ambao bado mnaitana mchumba, tunzeni risiti na meseji za miamala.

Masomo usiyaguse. Kama upo UDOM mwaka wa mwisho na mtu anataka uache umfate Mwanza, mwambie mtaonana baada ya mahafali.