Kupata tenda za serikali ukiwa kijana Mombasa
Vijana wa Kisauni na Likoni, hizi tenda ni haki yenu wallahi msiziache, sheria ya manunuzi ya 2015 inataka asilimia 30 ziende kwa vijana, akina mama na walemavu, za kaunti pia. Kwanza sajili biashara, chukua pini ya KRA na cheti cha kuonyesha huna deni la kodi, alafu omba cheti cha AGPO (mpango wa serikali wa kuwatengea makundi haya tenda) mtandaoni, ni bure, mtu akikuitisha hela mkimbie. Mkiwa kampuni, asilimia 70 ya wenyewe wawe miaka 18 hadi 35, viongozi nao wote. Ukipata LPO (oda rasmi ya kuwauzia bidhaa au huduma) bila mtaji jaribu Youth Fund (mfuko wa serikali wa kukopesha vijana) kabla ya shailoki (wakopeshaji wa riba kubwa), maana serikali huchelewa kulipa na riba haikungoji.